Sukari ya Asubuhi Ile

Muuguzi wa vidonda aliuliza bila kuinua uso, kama mtu anayeuliza saa.

"Mama, kwa siku unaoga mara ngapi?"

Chumba cha vidonda kilikuwa na vitanda vitatu na pazia moja lisilofika ukutani, kwa hiyo swali lilisikika kwa wote: mzee aliyeungua mkono, dereva aliyechanika paja, na mwanamke mmoja aliyekuwa amekwisha kujiziba pua kwa ncha ya mtandio. Aliyeulizwa alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa amelala chali, gauni limekunjwa hadi gotini, akiangalia dari. Aliyejibu ni mumewe, aliyekuwa amesimama kando ameshika viatu vya mkewe.

"Anaoga mara mbili. Maji namchemshia mwenyewe. Wewe unaoga mara ngapi?"

Mshonaji alimfinya kiganja, kumaanisha anyamaze. Hiyo ilikuwa kazi yake siku zote, kumshika mumewe asiwake. Muuguzi aliendelea na kazi, ila kibano kilipoingia kwenye tundu la kidonda kiliingia taratibu kuliko ilivyohitajika, na kikatoka na pamba iliyolowa usaha wa manjano. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, halizidi la kifungo cha shati. Lilikuwa chini ya goti la kulia, palepale walipopasua miezi saba iliyopita kumwekea chuma na skrubu sita, baada ya kuteleza kwenye ngazi za soko akiwa na robota la kitambaa begani. Mfupa uliunga. Tundu likagoma.

Waliandikiwa dawa ileile. Ilikuwa mara ya sita. Kila mara ilikwenda vivyo hivyo: akimeza vidonge, usaha unakauka, ngozi inafunga, nyumba inapumua; vikiisha, baada ya siku kumi hivi mguu unapata moto, ngozi inavimba, na tundu linafumuka mahali palepale kama mshono uliofungwa vibaya. Na kila waliporudi, aliyeulizwa maswali alikuwa yeye. Unaoga? Unabadilisha bendeji? Unakanyaga matope? Umekula nini? Mgonjwa haulizwi uji, wanasema wahenga, lakini huyu aliulizwa mpaka rangi ya taulo lake.

Walipotoka nje, mume alitaka kurudi ndani akaseme vizuri. Mke akaomba tu viatu vyake.

*

Mume alikuwa fundi wa kusafisha matangi ya maji. Watu walimwita Fundi Matangi, na yeye hakuona ubaya. Mkewe alishona sare za shule sebuleni, kwenye cherehani ya miguu iliyotazamana na mlango. Tangu avunjike alikuwa akikanyaga kwa mguu mmoja, wa kushoto, na kazi iliyokuwa ikimchukua siku moja ikawa inamchukua tatu.

Lakini si mguu tu uliokuwa umebadilika. Hata kabla ya kuanguka alikuwa akinywa maji kama mtu aliyekula chumvi mkono mzima, chupa moja baada ya nyingine, na kwenda msalani kila baada ya muda mfupi. Alikonda. Macho yalikuwa yanafifia, hata kutunga uzi kwenye sindano akawa anamwita jirani. Kila jambo lilikuwa na mwenye kulielezea. Kiu, wakasema ni joto. Kukonda, mawazo. Macho, umri, na kwani nani anashona miaka ishirini akabaki na macho ya bintiye. Wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, ndiye aliyekuwa na maelezo mengi kuliko wote.

Wifi alikuja kusaidia kupika. Alisaidia kweli, hilo halina ubishi, sufuria ziling'aa. Ila alikuwa akiketi karibu na mlango, na kila alipoulizwa kwa nini hasogei ndani alisema anapunga upepo. Jikoni alimwambia kaka yake kwamba kidonda kisichopona kina mwenyewe, na kwamba mwanamke anayejipenda hanuki. Alisema kwa sauti ya chini, lakini nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na sauti ya chini katika nyumba ya vyumba viwili humfikia anayesemwa kabla ya anayeambiwa.

Kisha wateja wakaanza. Mama mmoja alikuja kuchukua gauni la harusi ya mdogo wake. Alilishika, akalitazama mishono, akalisifu. Halafu, akidhani mshonaji ameinama kutafuta mfuko, akalileta puani. Mshonaji alimwona.

"Linanuka dawa kidogo," mama akasema. "Labda ulianike, nitalipitia kesho."

Hakulipitia. Mwisho wa wiki ile shule iliyompa sare za mwaka mzima ikazihamishia kwa mshonaji mwingine, mtaa wa pili, bila kusema kwa nini. Fundi alipotaka kwenda kumwona mwalimu mkuu, mkewe alimwambia aache. Alisema, akikunja gauni lile kwa utaratibu, kwamba hata yeye angekuwa wao asingewavalisha watoto wake nguo za nyumba yenye harufu hii. Fundi alitoka nje akasimama uani. Alikuwa na hasira ya kutosha watu watatu na hakuwa na wa kumpa.

*

Mwezi wa nane tangu avunjike uliingia na tangi la jengo moja la ofisi. Mwenye jengo alilalamika kwamba maji yananuka, na kwamba amemwaga dawa ya maji mara tatu, kila mara zaidi. Siku mbili tatu yanakuwa safi, kisha harufu inarudi. Fundi alitoa maji yote, akaingia ndani kwa ngazi, akapitisha kidole ukutani. Alikuta alichokuwa anakijua tangu ujana wake: utando mwembamba unaoteleza, kama ute wa bamia, umeshika ukuta wote. Dawa inaua kinachoelea. Utando unajifunika wenyewe na kungoja dawa ipite. Ukuta unasuguliwa kwa brashi. Na ikiwa ni bomba lisiloingia brashi, bomba linatolewa.

Alikuwa amewaambia wateja maneno hayo mara mia. Siku ile, akiwa amepiga magoti ndani ya tangi na brashi mkononi, aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Hakumaliza hata kuta mbili. Alimwambia mwenye jengo atarudi, akaenda hospitali na nguo zake za kazi, akakaa kwenye benchi la daktari wa mifupa tangu saa nne mpaka saa nane. Alipoingia, daktari alikuwa na wanafunzi wanne waliosimama nyuma yake na madaftari. Fundi alieleza kwa heshima zote. Alisema anaomba chuma kitoke, kwa sababu anadhani kimeota utando, na dawa inapita juu yake tu.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mzee wangu, kila mtu na fani yake. Mimi siji kukufundisha matangi." Wanafunzi wakacheka, mmoja wao kwa sauti. "Mfupa wa mkeo umeunga vizuri, picha ninayo. Tatizo ni usafi wa nyumbani. Msisitizie usafi."

Fundi alisimama. Alitamani kupindua meza ile na vyote vilivyokuwa juu yake. Badala yake alisema ahsante, neno ambalo baadaye lilimchoma kuliko kicheko, akatoka.

Hakufika mbali. Mwanamke mmoja aliyevaa koti jeupe lenye madoa ya zambarau alimfuata kwenye korido na kumgusa bega. Alikuwa fundi wa maabara. Alikuwa ameleta majibu kwa daktari na kusikia yote akiwa mlangoni. Hakupoteza muda kumpa pole.

"Sukari yake ikoje?"

"Sukari gani?"

Dada wa maabara akamvuta pembeni. Aliuliza kama mkewe anakunywa maji sana. Aliuliza kuhusu macho, kuhusu kukonda, kuhusu msalani. Fundi alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilimtoka nzito kuliko ile ya kwanza. Akaambiwa amlete kesho asubuhi, asipitie mapokezi, aje moja kwa moja maabara.

*

Kesho yake walimchoma mshonaji kidole, tone la damu likafyonzwa na kijiti, na kimashine kidogo kikaandika ishirini na moja nukta nane. Dada wa maabara alikigeuza ili wote wawili waone. Akawaambia mtu mzima asubuhi kabla ya kula hatakiwi kufika hata saba.

Aliwaeleza akiwa amekaa kwenye kiti cha chini, magoti yake yakigusana na ya mshonaji. Alisema bakteria wakipata kitu kigeni mwilini, chuma au plastiki, wanakishika na kujijengea utando, na wakishakuwa chini yake dawa ya kumeza haiwapati sawasawa, inawapata wanaotoka nje tu. Ndiyo maana unapona na kuumwa, unapona na kuumwa. Na sukari ikiwa juu hivi, askari wa damu wanakuwa kama walevi: wanachelewa kufika, na wakifika hawapigani. Kidonda kinakosa mlinzi.

"Kwa hiyo si kuoga," mshonaji akasema.

"Ungeoga mara kumi kwa siku, mama, ungekuwa hapahapa."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Fundi alidhani anashukuru. Alipomwangalia vizuri aliona machozi yakidondokea mapajani, na mkono wake ukipiga goti zima taratibu, pa, pa, pa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua watu wamo ndani.

Kilichofuata hakikwenda haraka. Daktari wa mifupa alipopelekewa majibu alisema sukari ni kazi ya kliniki ya sukari. Kliniki ya sukari wakasema mguu ni kazi ya mifupa. Dada wa maabara alichukua usaha kutoka ndani kabisa, akauotesha, na bakteria walipoota akapeleka jibu mwenyewe kwa mkuu wa hospitali na kusimama mezani kwake mpaka akasoma. Siku tatu baadaye mshonaji akalazwa. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za sindano za insulini peke yake, mpaka sukari ikatulia. Kisha wakafungua mguu, wakatoa chuma na skrubu zote sita, wakakwangua mfupa uliokuwa umekwisha kuoza, na kumtundikia dawa ya mshipani kwa wiki sita.

Mguu ulibaki. Lakini ulibaki mfupi kwa upana wa dole gumba, na goti halikukunjika tena. Aliyemweleza ni muuguzi wa zamu, wakati anabadilisha shuka, na alimwambia amshukuru Mungu kwa sababu wengi hukatwa. Mshonaji akashukuru. Kisha akauliza kama kwa goti hilo ataweza kukanyaga cherehani. Muuguzi alisema hajui, yeye hajawahi kushona.

*

Siku ya ruhusa Fundi alifika asubuhi na mapema. Wifi alikuwa amemtuma na gauni safi, na siku hizi hata yeye hakuongelea tena kunuka. Akizungumzia sukari sasa, ungedhani ndiye aliyeigundua. Fundi alifunga vyombo kwenye mifuko miwili, akakunja blanketi. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mizizi ya nywele. Hasira yake yote ya miezi kumi ilikuwa imegeuka kuwa hamu moja tu, ya kufika nyumbani na kufunga mlango.

Muuguzi wa wodi alileta faili, akafungua karatasi ya ruhusa, akamwonyesha mshonaji mahali pa kuweka sahihi. Halafu akaitwa kitanda cha mbele, akaliacha faili palepale.

Mshonaji alikuwa mtu wa vipimo. Miaka ishirini alisoma kifua, kiuno, mkono, na hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kusoma mara mbili. Akasoma karatasi ile. Kwenye mstari wa sababu ya maambukizi paliandikwa kwamba mgonjwa hakuzingatia usafi wa kidonda wala lishe. Akarudia. Kisha, badala ya kuchukua kalamu, akaanza kufunua faili kurudi nyuma, karatasi kwa karatasi, mpaka akafika siku ya upasuaji wa kwanza. Palikuwa na fomu ya maandalizi. Uzito, presha, kundi la damu. Na pembeni, kwa penseli, mtu ameandika: sukari 19.4. Ameizungushia duara na kuweka alama ya kuuliza.

"Soma hapa," akamwambia mumewe.

Fundi alisoma. Hakuelewa mara moja, kwa sababu siku zote walidhani hakuna aliyejua. Alipoelewa, akakaa kitandani.

"Walipima," mshonaji akasema. "Asubuhi ile. Nakumbuka walinichoma kidole, mimi nikadhani ni kundi la damu."

Muuguzi aliporudi na kumwona na faili, alinyoosha mkono alichukue. Mshonaji hakulitoa. Alisema, kwa sauti yake ileile ya kila siku, kwamba hatatia sahihi na hataondoka mpaka karatasi ile iandikwe upya. Muuguzi alieleza kwamba kitanda kinasubiriwa. Mshonaji akamjibu kwamba anajua, na yeye aliwahi kukisubiri.

Fundi ndiye aliyejaribu kumtuliza. Aliinama akamnong'oneza kwamba yamekwisha, mama watoto, tuondoke, mwenye nguvu mpishe. Mkewe alimgeukia, na katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona na uso ule.

"Nimempisha miezi kumi. Umeona alivyonipita?"

Fundi alifungua mfuko mmoja, akatoa blanketi, akamfunika miguu.

Saa tano alikuja msimamizi wa wodi, akasema maneno ya ukali. Saa saba akaja mtu wa ofisini, akasema ya upole. Wagonjwa wengine waligeuka vitandani wakitazama. Saa tisa akaja daktari wa mifupa mwenyewe, safari hii bila wanafunzi, akavuta kiti. Alisema kwamba karatasi ni utaratibu tu, haina uzito wowote. Mshonaji akamjibu kwamba kama haina uzito, basi kuibadilisha hakutamchosha. Akafungua faili, akaweka kidole kwenye duara la penseli.

Daktari aliinama akausoma mwandiko ule. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Siku ile tulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja," alisema mwishowe. "Insulini ilikuwa haipo. Kama tungekuahirisha, ungelala wodini wiki mbili na mguu umevunjika."

"Ningelala."

"Ni rahisi kusema sasa."

"Hukuniuliza wakati ule. Hukuniambia hata kwamba ninaumwa. Ulinipa chuma, ukanipeleka nyumbani na sukari yangu, halafu kila nikirudi mnaniuliza naoga mara ngapi. Mbele za watu. Mume wangu alikuja hapa na ukweli mkononi, ukamfanya kichekesho kwa wanafunzi." Hakuwa anapaza sauti, lakini kila kitanda kilisikia. "Sitaki unilipe. Huu mguu ukianza kuutajia bei tutakosana vibaya zaidi. Nataka uandike mlichokijua, na siku mliyokijua."

Daktari alitazama mlangoni, kama anayetarajia mtu aje kumwita. Hakuja mtu. Fundi Matangi alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, mikono imening'inia.

Daktari akachukua kalamu. Akakata mstari ule wa sababu, akaandika juu yake: sukari 19.4 kabla ya upasuaji, haikutibiwa, mgonjwa hakuarifiwa. Akamgeuzia.

Mshonaji alisoma mara mbili.

"Tarehe," akasema.

Akaweka tarehe.

"Na jina lako."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaandika. Mshonaji alitia sahihi yake chini, akaomba nakala, akaikunja mara nne na kuiweka ndani ya gauni, kifuani. Hakusema ahsante.

*

Walitoka polepole, yeye na magongo, mumewe na mifuko. Korido ya kwenda chumba cha upasuaji ilikuwa na machela zilizopangwa kwa mstari ukutani. Kwenye ile ya mwisho alilala mwanamke wa makamo, nyonga imefungwa kwa mbao, chupa ya maji ubavuni. Alikuwa peke yake. Alipowaona wanapita aliomba wamsogezee chupa, koo limemkauka.

Mshonaji alisimama.

Alimsogezea maji, akamngoja anywe. Alikunywa nusu ya chupa bila kupumua. Mshonaji akamuuliza lini anapasuliwa. Akajibiwa ni leo, muda wowote, anasubiri zamu yake.

"Wamekupima sukari?"

"Walinichoma kidole asubuhi."

"Imesomaje?"

Mwanamke alimtazama kama aliyeulizwa jambo lisilomhusu. "Hawakuniambia, dada."

Mshonaji alimgeukia mumewe. Fundi alijua nje kuna gari alilolikodi, na dereva amekwisha kulalamika mara mbili. Aliweka mifuko chini, akaenda kutafuta kiti. Alipokileta, mkewe aliketi kando ya machela, akaegemeza magongo ukutani na kuunyoosha mguu wake usiokunjika katikati ya korido, mahali ambapo yeyote atakayekuja kusukuma machela ile ingembidi asimame kwanza.

"Basi tutawangoja," alisema, "mpaka waseme."